Mchezaji Asiye na Anwani

Kwa ndugu watengenezaji na wauzaji wa magemu,
Tokyo, California, Montreal na kwingineko.



Kwa mujibu wa kumbukumbu za Sony, wilaya nzima ya Kilosa, mkoani Morogoro, haina mtu mwenye akaunti ya PlayStation. Hayupo pale mjini, hayupo Kimamba wala Rudewa, na hata Mikumi, penye barabara kuu ya kwenda Zambia, hayupo. Anayefungua akaunti hiyo hutakiwa kuchagua nchi anayoishi. Kijana wa Kilosa anashuka na orodha mpaka herufi ya T, anaikuta Thailand, kwao hapaoni, anarudi juu na kujiandikisha kuwa mkazi wa Marekani. Mwenzake wa benchi moja anakuwa Mwingereza. Wa tatu, mwenye uzalendo kidogo, anachagua Afrika Kusini. Ndiyo maana katika vitabu vya kampuni hiyo kuna Wamarekani wa ajabu wanaoanza kucheza saa tisa usiku za New York, hawana kadi ya benki, na msimbo wao wa posta ni ule ule wa Beverly Hills.

Dunia iliujua mkasa huu Mei 2024. Gemu la Helldivers 2 lilikuwa limeshauzwa kwa wachezaji wa kompyuta kila pembe, kisha Sony ikatangaza kuwa kila mmoja wao lazima aunganishe akaunti ya PlayStation. Duka la Steam likaliondoa gemu hilo katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haifunguliwi. Wachezaji wakaja juu, wakalishushia gemu alama mpaka likazama, na baada ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Ulaya na Marekani jambo hilo liliitwa kashfa. Kilosa hakuna aliyeshtuka, maana huku ndivyo mambo yalivyo tangu enzi za PlayStation 3.

Barua hii inaandikwa kwa ajili ya huyo mchezaji asiye na anwani. Ninyi hamumjui, lakini yeye anawajua vizuri sana, pamoja na kasoro zenu zote.

Kwanza mjue anachezea wapi. Kibanda cha gemu cha huku kina mabenchi mawili ya mbao, televisheni mbili au tatu, feni moja iliyogeuziwa mwenye kibanda, na karatasi ukutani iliyoandikwa kwa maka peni: bei ya mechi, hatukopeshi, ukivunja pedi unalipa. Sheria ya kibanda haina rufaa. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki, na aliyepigwa mkono, yaani mabao matano, anatoka huku anaimbiwa. Tangu Yanga iifunge Simba 5-1 Novemba 2023, nyimbo hizo zimeongezeka na nyingine haziandikiki kwenye barua ya heshima.

Pedi zenyewe zina historia. Alama ya X imelika ikafutika, kijiti cha kushoto kimepoteza kofia yake na kuvalishwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa uzi. Kila kibanda kina pedi moja inayokimbia yenyewe: umeweka mikono magotini, beki wako anaondoka langoni kwenda kona ya kushoto kama aliyeitwa na mama yake. Mwenyeji anaijua pedi hiyo, na mgeni akija ndiyo anayopewa. Ugonjwa huu msidhani ni wa umaskini. Nintendo ilipotoa Switch mwaka 2017, vidhibiti vyake vya Joy-Con vilianza kutembea vyenyewe hivyo hivyo, kesi zikafunguliwa Marekani, na Juni 2020 rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mbele ya wanahisa. Fundi wa Mikumi hafungui kesi. Anafungua skrubu nne, anachovya pamba kwenye spiriti, anafuta, anafunga, na kazi imekwisha kabla basi la Mbeya halijamaliza kupakia abiria. Swali lake kwenu ni moja tu: kama pamba na spiriti vinatosha kwa miezi kadhaa, kampuni yenye mabilioni ilishindwa nini?

Tuje kwenye diski. Zamani diski ilikuwa na gemu ndani. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 na kuacha kutengenezwa mwaka 2013, ilikuwa na tabia moja nzuri ambayo wachezaji wa huku wanaisimulia kama wazee wanavyosimulia bei ya sukari ya zamani: ulitumbukiza diski, ukacheza. (Kwamba diski nyingi zilikuwa nakala za kuchoma zilizouzwa kando ya chaja na betri ni suala jingine, na mwanasheria wenu anaweza kuliandikia barua yake.) Sasa angalieni mlichofanya mwaka 2022. Mtu aliyenunua diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya PlayStation 5 alikuta ndani yake takribani MB 70. Video ya harusi iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Gemu lenyewe, lenye GB nyingi kupita kiasi, lilikuwa kwenye mtandao likisubiri kupakuliwa. Mliuza kopo la maziwa lenye karatasi ndani inayosema ng'ombe yuko wapi.

Tupige hesabu ya kawaida ya mtu wa bando. Tuseme GB moja inapatikana kwa shilingi 2,000. Gemu la GB 100 litakula shilingi 200,000 kabla hujaona hata ukurasa wa kwanza, na bei ya gemu bado haijaguswa. Kisha linakuja lile mnaloliita sasisho la siku ya kwanza, ambalo maana yake halisi ni kwamba mlijua gemu halijaisha mkaliuza hivyo hivyo. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 10, 2020 ikiwa na magari yanayoota katikati ya barabara na watu wanaosimama hewani bila suruali. Baada ya wiki moja hivi, Sony ikaiondoa dukani kwake na kurudisha fedha za watu. Gemu hilo lilitengenezwa likakaa sawa baadaye, na waliolicheza leo wanalisifu, lakini kila tengenezo lilikuja kama faili kubwa la kupakuliwa. Kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani Warsaw, hilo ni jambo la kuamka asubuhi na kukuta limekwisha. Kwa mtu wa Kilosa, ni bando la mwezi mzima kulipia makosa ya fundi mwingine.

Na mtandao wenyewe una mambo yake. Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa bahari yetu, na intaneti ya Tanzania na majirani ikawa ya kuombea dua. Siku kama hiyo, gemu linalotaka kuwa hewani muda wote hata unapocheza peke yako linageuka kuwa picha ya ukutani. Hata siku nzuri umbali haufutiki. Kutoka Dar es Salaam hadi London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Mwanga ndani ya kebo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake kunachukua milisekunde 75, na kebo hazijawahi kunyooka. Ndiyo sababu kipa wa mchezaji wa Kilosa huruka baada ya mpira kuingia. Huyo kipa si mzembe. Habari zimemfikia kwa kuchelewa.

Kuhusu umeme ni maneno machache. Kwenye magemu yenu kuna ujumbe unaomwomba mchezaji asizime mashine wakati alama fulani inazunguka kwenye kona ya kioo. Ujumbe huo unaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Anayezima mashine huku hayumo chumbani. Kidatu, kusini mwa Mikumi, mitambo ya maji inazalisha MW 204, lakini ukaribu na mitambo haukupi upendeleo wowote: gridi ya taifa ilipozimika Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, giza lilikuwa la wote. Mruhusuni mchezaji ahifadhi alipofika popote alipo. Kumfanya arudie nusu saa ya kupanda ngome kwa sababu hakulifikia sanduku fulani la kuhifadhia ni ukatili usio na maana. Anayelipia kwa saa anarudia huku mita inasoma.

Hilo la kulipia kwa saa mlifikirie, kwa sababu ndilo linalofichua tabia yenu ya kupenda kusikilizwa. Metal Gear Solid 4 ya mwaka 2008 ni kazi kubwa, wanaoijua wataapa. Lakini mwisho wake una filamu inayozidi saa moja bila mchezaji kugusa kitu. Halafu kati ya sehemu na sehemu gemu lilikuwa likijipakia kwenye mashine, na wakati huo kioo kilimwonyesha shujaa mzee akivuta sigara. Akivuta tu! Mchezaji wa kibanda analipa fedha halali kumtazama mzee akivuta sigara, jambo ambalo pale stendi analiona bure.

Sasa mpira, ambao ndio unaolipa kodi ya kibanda.

Mbwana Samatta alijiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016, akaingia kwenye gemu la FIFA akiwa na bendera ya Tanzania kando ya jina lake. Januari 2020 akaenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao Ligi Kuu ya Uingereza. Kwenye vibanda watu walioiona Villa kama timu ya kupitia tu waliigombania. Ila mlifanya kichekesho kimoja: mlimpa bendera mkamnyima timu. Taifa Stars haimo. Mtu anaweza kucheza misimu kumi, akamfanya Samatta mfungaji bora wa Ulaya yote, na simu ya kocha wa taifa isilie hata mara moja. Tanzania ilikwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast Januari 2024, ikatoka sare na Zambia na Kongo. Kwenye gemu lenu la mwaka huo, lililobadilishwa jina na kuwa EA Sports FC 24 baada ya kuachana na FIFA, ilikuwa haijazaliwa.

Wachezaji hawakukaa wakingoja. Dream League Soccer, gemu la simu la First Touch ya Uingereza, linaruhusu kuingiza jezi kwa kubandika anwani ya picha. Mlango ulikuwa mdogo, watu wamepita na kabati. Jezi za Simba na Yanga, za nyumbani, za ugenini, za makipa, zinachorwa na vijana kwenye simu na kugawiwa kila msimu mpya unapoanza. Basi unaweza kukaa kwenye kibaraza Mikumi ukatazama Yanga ikicheza na Barcelona, ndani ya jezi ya njano na kijani akiwamo kiungo wa Kihispania asiyejua Jangwani ni wapi. Mashabiki wa Simba wana mastaa wao hivyo hivyo. Ubishi wa nani amesajili vizuri huwa mkali kuliko ule wa redioni, na usajili huu hauna wakala.

Konami nao wasijifiche nyuma ya EA. Kizazi kizima cha huku kililelewa na Winning Eleven na Pro Evolution Soccer, ambayo hata mwenye pedi mbovu alijisikia fundi akiicheza. Septemba 30, 2021 wakaitupa jina lake, wakaleta eFootball. Nyuso za wachezaji zilikuwa kama za watu walioamshwa usingizini na moshi, watu walipishana kwa kupitia miili ya wenzao, na ndani ya siku moja au mbili gemu likawa miongoni mwa yaliyokosolewa vibaya kuliko yote kwenye duka la Steam. Konami ikaomba radhi. Toleo la kueleweka likaja Aprili 2022. Kilosa habari hizo zilifika, zikachekewa, kisha watu wakaendelea na PES ya zamani ambayo haijawahi kuomba radhi kwa sababu haikuhitaji.

Kitu kimoja PES na wenzake hawajawahi kutupa ni mtangazaji wa kueleweka. Peter Drury ana maneno matamu, hakuna ubishi. Lakini katika kibanda ambacho kila mtu amekulia kwenye matangazo ya redio, yale ya kupanda sauti kuanzia katikati ya uwanja hadi bao linapoingia, Drury anazimwa sauti na kijana wa benchi la nyuma anachukua nafasi. Anatangaza tobo, anatangaza kanzu, anamtukana kipa kwa adabu. Halipwi. Pengine ndiye sababu ya watu kujaa.

Hapo ndipo linapoingia suala la Kiswahili, na mambo yenu huku yanachekesha zaidi ya yote. Mwaka 2005 Firaxis walitoa Civilization IV. Wimbo wake wa kufungulia, ulioitwa Baba Yetu na kutungwa na Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwaya za Morogoro zingeweza kuuimba kesho asubuhi bila mazoezi. Miaka minne baada ya gemu hilo, mwaka 2009, Capcom wakatoa Resident Evil 5, hadithi ya mji wa kubuni unaoitwa Kijuju, ambako watu walioambukizwa vimelea huitwa Majini na hukukimbiza na shoka wakipiga kelele kwa Kiswahili. Mchezaji wa Los Angeles alisikia mngurumo wa kutisha. Mchezaji wa Kilosa alisikia watu wenye lafudhi ya ajabu wakimtukana, na akili yake ya kwanza ilikuwa kujibu.

Kwa hiyo Kiswahili mmempa Mungu, na mmewapa mazombi. Kuandika "Endelea", "Hifadhi" na "Rudi nyuma", hapo mnasema soko ni dogo.

UNESCO imeitengea lugha hii siku yake, Julai 7, na kuihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200. Msiseme haiwezekani, maana imeshafanyika, tena katika mkoa ambao si mbali na hapa. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka kompyuta bapa kwa karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi vya Tanga, ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule. Ndani yake mlikuwa na michezo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, bila mwalimu, ikichajiwa kwa sola. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na programu za waliofika fainali ziliachwa wazi zitumiwe na yeyote. Michezo ya Kiswahili, isiyodai mtandao, kwenye kijiji kisicho na umeme! Kumbe mkitaka mnaweza, mradi mteja awe na miaka tisa na awe hajui kusoma. Akishajua kusoma mnamwandikia Kiingereza.

Jina la pwani yetu pia mmelizoea. Kwenye Civilization VI, anayefanya urafiki na Zanzibar anapata karafuu na mdalasini, na hapo mlitenda haki. Kwenye Halo 2 ya mwaka 2004 kulikuwa na uwanja wa mapambano unaoitwa Zanzibar, wenye gurudumu kubwa la chuma linalozunguka katikati, ambalo Forodhani hawajawahi kulisikia. Halo 3 ikapigana vita vya dunia kwenye barabara ya Tsavo na mjini Voi. Majirani wa Kenya walipata wageni kutoka anga za juu.

Bara mnalolichora huwa na jua lisilomaliza kuzama. Far Cry 2 ya Ubisoft, mwaka 2008, ilimweka mchezaji katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina na kumpa malaria. Wazo zuri, la mtu aliyefanya utafiti. Lakini dawa ilipatikana kwa kupeleka hati za kusafiria kwa watu wa chinichini, wakati hapa unakwenda zahanati, unapimwa, unapewa mseto wa siku tatu na kuambiwa unywe na chakula. Savana yao ilikuwa na pundamilia na nyati, lakini simba hakuna, tembo hakuna. Na vile vizuizi vya barabarani: ukiwamaliza walinzi, ukisogea mbele kidogo na kurudi, unakuta wengine wamesimama pale pale. Wakosoaji wengi walilaani jambo hilo. Dereva yeyote anayepita Morogoro kwenda Iringa angewaambia kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya gemu iliyofanana na maisha.

Sony waliwahi kujaribu kwa upole zaidi. Mwaka huo huo wa 2008 walitoa Afrika, gemu la PlayStation 3 la mpigapicha wa wanyama: unasubiri, unajificha, unapiga twiga picha, unalipwa. Ni gemu la kupendeza, na ubaya wake kwa mtu wa huku ni mmoja tu. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, imekatwa na barabara kuu kwa takribani kilomita 50. Abiria wa basi la Mbeya anamwona twiga, swala na nyani kupitia dirishani, ndani ya nauli ile ile, huku anakula mahindi ya kuchemsha.

Wajanja wa kweli walikuwa Waindonesia. Bus Simulator Indonesia ya kampuni ya Maleo, iliyotoka mwaka 2017, inaingia kwenye simu ya kawaida na inamruhusu mchezaji kubadilisha rangi na umbo la basi. Isitoshe, Indonesia huendesha upande wa kushoto kama sisi wa Tanzania, jambo dogo ambalo Euro Truck Simulator 2 ya Wacheki inalitoa ikifika sehemu kama Uingereza tu. Leo gemu hilo la Indonesia limejaa mabasi yenye rangi za kampuni za Ubungo na Msamvu, na honi zake vijana wanazijua kuliko honi za kweli.

Lakini barabara bado ni ya Java. Basi tengenezeni hii ya kwetu, kazi mmerahisishiwa. Unatoka Morogoro alfajiri. Unaingia hifadhini, mwendo umepangwa, matuta yapo, na ukimgonga mnyama unalipa faini kulingana na mnyama mwenyewe, kwa hiyo tembo akisimama barabarani unazima honi na kumsubiri amalize mawazo yake. Mikumi kuna malori ya Tunduma yamepanga foleni, na unapaswa kuyapita yote kabla ya kupanda Kitonga. Askari ana tochi nyuma ya kichaka ambacho dereva anayekuja mbele yako amekuonya kwa taa. Anayechoka na lami ageuke kulia kwenda Kilosa, akutane na vumbi. Anayetaka reli apewe treni ya umeme inayopita kwenye mahandaki ya Kilosa, na mkiwa na ujasiri mpeni na Mto Mkondoa. Maji ya kwenye magemu yenu yana adabu mno, yanakaa mtoni yalikopangwa. Mkondoa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 ulivunja kingo, ukaingia mjini, maelfu wakakosa pa kulala na reli ya kati ikasombwa. Hakuna bosi wa mwisho wa gemu lolote aliyewahi kufanya kazi kama hiyo.

Kuhusu fedha, acheni bahati nasibu. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku yenu ya kubahatisha ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA. Kijana wa Kilosa akitaka kubeti, vibanda vya kubeti viko hatua chache kutoka cha gemu, na vile angalau vinajiita kwa jina halisi. Na mkishauza kitu, kiacheni kiwe cha aliyenunua. Ubisoft ilizima seva za The Crew Machi 31, 2024, gemu la mwaka 2014, na waliolilipia wakabaki na diski ya kuwekea kikombe cha chai. Ulaya watu wakaanza kukusanya saini kupinga tabia hiyo, zikapita milioni moja mwaka 2025. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na tangu lianze halijamnyima mtu kucheza kwa sababu aliyelichonga amebadili biashara.

Limebaki jambo moja lenye tarehe. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Juni 2024 EA waliingiza mashindano ya Euro ndani ya FC 24 bila malipo ya ziada, kwa hiyo njia ya kufanya hivyo wanaijua. Wachezaji wa Kilosa na Mikumi wanaomba mashindano hayo yaingizwe, Taifa Stars ikiwemo, kwa faili ambalo mtu anaweza kulipakua bila kuuza baiskeli. Mtangazaji si lazima mmlete. Yupo.

Wenu,
Wachezaji wa Kilosa na Mikumi

Nakala: Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), kwa kuwa mazungumzo ya jezi na nembo ya Taifa Stars hayawezi kufanyika bila wao.